Sweta la Televisheni

Juzi nilimkuta mama nyumbani kwake Majengo, anafuma kitambaa cha kufunikia king'amuzi. Wivu wangu wa utotoni ukaamka, na meno yake yote.

Nikiwa mtoto, katika Sumbawanga ya kipupwe, upepo ulipenya hadi chini ya mlango. Mama alikuwa amenipima mabega kwa uzi mwekundu, kwa hiyo nilijua anachofuma. Nilikaa karibu na jiko la mkaa nikisikiliza sindano zake zikigongana, nikisubiri joto langu. Katikati ya kusubiri huko baba akaleta televisheni, ya kwanza mtaani kwetu, ikinukia plastiki mpya.

Alasiri moja mama akakata uzi, akasimama. Nikanyoosha mikono juu nivikwe. Akanipita. Akaenda kuivika televisheni, akailaza vizuri ile nakshi nyekundu pembeni, akaipapasa kichwani.

"Mama, na mimi nasikia baridi."

"Wewe ukiumwa utalia, nitakusikia. Hii ikiingia vumbi haisemi."

Miaka yote nimejiambia kwamba nilikuwa mtoto tu, nilijidanganya, sweta halikuwahi kuwepo. Juzi nikamsimulia ili tucheke.

"Lilikuwepo," mama akasema, macho kwenye sindano. "Nilikuwa nimebakiza mikono. Televisheni ilipokuja, nikalifumua."

Nikamnyang'anya kile kitambaa cha king'amuzi, nikakijaribu.

Hakikutosha hata bega moja.