Trekta Kwenye Sinema ya Magari

Doris wa Njoro alikuwa amestaafu kazi ya posta, akabaki na ng'ombe, migomba, na mume aliyemtia aibu kwenye sherehe. Yohana, mumewe, aliendesha trekta kwenye mashamba ya miwa tangu ujana, na kila walipoalikwa mahali, hata msibani, hakukosa kusimulia jinsi alivyokwenda na trekta lake kwenye sinema ya zamani nje ya mji, ile ambayo watu walikaa ndani ya magari yao wakitazama picha kwenye ukuta mkubwa mweupe. Siku ya kumuaga mjukuu wao Rachel, hata wakwe walicheka mpaka wakashika mbavu. Doris akaona imetosha. Alikuwa na hakika kwamba mumewe anaongopa, akaamua kumtafutia ushahidi wa maandishi.

Alianzia maktaba ya mjini. Davis, kijana wa pale, alimwamkia shikamoo, akamletea mafungu ya magazeti ya kale yaliyojaa vumbi. Shida ya Doris ni kwamba alisoma kila kitu. Alisoma matokeo ya mpira na bei ya kahawa, akamlilia kidogo marehemu asiyemjua. Jioni alirudi nyumbani akipiga chafya, na Yohana akamuuliza kwa upole kama trekta limeonekana.

Magazeti ya maktaba yalipokwisha, Davis alimshauri aende Arusha, kwenye hifadhi ya nyaraka. Huko dada mmoja aitwaye Aika alimwomba aache mlangoni kalamu yake ya wino, pamoja na mkungu wa ndizi aliowabebea wenyeji. Akapewa penseli, akaanza kufunua kurasa, safari hii akijikaza asitazame matangazo ya vifo.

Mchana akaliona. Lilikuwa tangazo dogo la wenye sinema: "Wateja wanakumbushwa kuwa hapa ni kwa magari tu. Matrekta hayataruhusiwa tena."

Alilisoma lile neno la mwisho mara kadhaa, akitumaini litaondoka.

"Mama, umepata ulichotafuta?" Aika akamuuliza.

"Nimepata alichotafuta mume wangu."

Kwenye basi la kurudi alicheka peke yake mpaka abiria wa pembeni akasogea. Walipofika Boma Ng'ombe kicheko kikakatika. Katika hadithi ya Yohana kulikuwa na msichana aliyekaa kwenye madigadi ya trekta, juu ya gurudumu, akila karanga. Miaka yote Doris hakumjali, maana msichana wa uongo hana madhara. Sasa trekta lilikuwa la kweli.

Alimkuta Yohana akimkatia ng'ombe majani. Akamsomea tangazo, na mzee akatabasamu kama aliyepandishwa cheo. Ndipo Doris akavuta kigoda, akaketi.

"Baba Gladness, yule wa kwenye madigadi alikuwa nani?"

Yohana akashika tena panga, akaendelea kukata majani.

"Mama Gladness," akasema, "ile hadithi mbona huwa naitia chumvi tu."

Jina lilimtoka Jumapili, baada ya ibada: Mektrida, anayeuza maharage Kiboriloni. Kesho yake Doris akamfuata sokoni. Mektrida alifikiri kidogo, akasema anachokumbuka ni trekta kunguruma hadi picha isisikike, na yeye kushuka katikati na kurudi kwao kwa miguu. Doris alimpenda papo hapo. Alinunua maharage mengi kuliko haja yake, wakakaa wakimsema Yohana mpaka soko likafungwa.