Jeneza la Mdogo Wake

Fundi Jicho hakuwa mtu wa kutembea na futi. Ukimwagiza mlango, alikuja akasimama mbele ya nyumba yako, akafumba jicho moja, akakutajia inchi zake, na mlango ukija unakaa sawasawa. Watu walikuja na futi zao kumuumbua wakaondoka kimya. Miaka ishirini na sita alifanya kazi hiyo kwenye karakana waliyoachiwa na baba yao, yeye na mdogo wake wa tumbo moja. Mkubwa alikata na kuunga, mdogo alipiga msasa na porojo.

Sasa sikia alichofanya huyo mdogo. Mke wa Fundi Jicho aliugua, akalazwa, akapasuliwa tumbo. Wiki tatu nzima mumewe alilala kwenye benchi la hospitali, akimnyanyua, akimlisha, akimwaga beseni. Siku aliyomrudisha nyumbani alipitia karakana kuchukua randa, akakuta mlango una kitasa kipya. Mdogo mtu alikuwa amekwenda kwa mwenye jengo, aliyewapangisha tangu enzi za baba yao, akamwambia kaka ameacha kazi kwa ajili ya kuuguza, akaandikisha karakana kwa jina lake peke yake. Vifaa vyote vilikuwa ndani, mpaka randa ya marehemu baba.

"Kaka, wewe pumzika," alimwambia kupitia dirisha, mlango hata hakuufungua. "Uguza mgonjwa wako. Zikipatikana kazi ndogondogo nitakuita."

Nitakuita. Anaambiwa hivyo mtu aliyemfundisha kushika msumeno.

Mwingine angekwenda kwa wazee, au mahakamani, au angemkunja shati palepale. Fundi Jicho alikwenda kwa Mungu, na usidhani alikwenda kwa upole. Aliazima msumeno na nyundo kwa jirani, akatafuta mbao, akaanza kutengeneza jeneza la mdogo wake kwenye uwanja wa nyuma ya nyumba. Kumpima hakukuwa na haja, vipimo alikuwa navyo kichwani: urefu futi tano na inchi nane, mabega inchi ishirini na moja. Lilipokamilika, kila adhuhuri aliacha kazi nyingine zote, akasimama mbele yake, penseli sikioni, akaomba.

"Mungu, upande wangu nimemaliza. Umebaki upande wako."

Wiki mbili zikapita, Mungu kimya. Fundi Jicho akaenda kusimama ng'ambo ya barabara aone kama jamaa ameanza hata kukohoa. Akamkuta mlangoni mwa karakana anacheka na wateja, mashavu yamejaa, amenenepa. Fundi akafumba jicho moja kwa mazoea, na roho ikamuuma kwelikweli. Mabega yameongezeka inchi mbili, tumbo ndiyo usiseme. Jeneza lilikuwa halimtoshi tena.

Akarudi nyumbani amenuna, akang'oa misumari, akaongeza upana. Mwezi haukuisha, akaongeza tena. Sijui kama yupo mtu mwingine aliyemwombea mwenzake afe, mwenzake akazidi kupendeza. Na kadiri yule alivyopendeza ndivyo sala ya Fundi Jicho ilivyozidi ukali. Akaanza kumwelekeza Mungu njia: ile ngazi ya karakana imelegea kidato cha tatu, ule msumeno wa umeme waya wake umechubuka. "Chagua unachotaka," alimwambia, "ila usichelewe."

Na tusidanganyane, ilikuwa saa tamu. Asubuhi aliburuta miguu, lakini ikikaribia adhuhuri uso ulichangamka. Anayesema kisasi hakina ladha hajafungiwa nje ya karakana ya baba yake.

Mkewe alilala chumba cha nyuma, chenye dirisha moja lililotazama uwanja huo. Mwanzoni alikuwa anaendelea vizuri. Daktari alisema ale, atembee, na baada ya miezi miwili atakuwa anafua mwenyewe. Alitembea kweli, akishika ukuta, mpaka siku moja akafika dirishani.

"Baba, hilo jeneza la nani?"

Fundi Jicho hakuweza kusema ni la mdogo wangu. Hata yeye alijua litasikika vipi. Akajibu bila kuinua kichwa. "La mtu wetu wa karibu. Siku zake zimekwisha."

"Mwenyewe anajua?"

"Hajui. Wala asiambiwe."

Mkewe akasimama pale kidogo, kisha akarudi kitandani akishika ukuta.

Tangu siku hiyo sahani zikawa zinarudi jikoni kama zilivyokwenda. Kutembea akaacha. Akamwita dada yake, akamgawia nguo zake nzuri zote, akasema zinambana, na mwili wenyewe ulikuwa umebaki mifupa. Mumewe akampeleka kwa daktari. Daktari akafungua bandeji, akaangalia, akamvuta Fundi Jicho pembeni.

"Kidonda kimepona vizuri. Mgonjwa ndiye hataki kupona. Asipokula tutampoteza, mzee wangu. Kwani huko nyumbani kuna nini?"

"Kuna mdogo wangu," akajibu Fundi Jicho, damu ikimchemka. Alipofika alikwenda moja kwa moja uwanjani. "Mungu, umesikia mwenyewe. Na hili liongeze kwenye mashtaka yake."

Wiki iliyofuata alipita tena ng'ambo ya barabara, akaona mambo yamezidi, akarudi kuongeza upana mara ya tatu. Alikuwa anapigilia ubao wa ubavuni aliposikia sauti dirishani. Mkewe alikuwa amejikokota mpaka pale, ameng'ang'ania nondo kwa mikono miwili.

"Baba, unapoteza mbao."

"Kivipi?"

"Mimi kila siku nakonda, wewe kila siku unaongeza upana. Nilitaka ninyamaze, maana hukupenda nijue. Lakini jicho lako limeingiwa na nini?"

Nyundo ikabaki juu. Fundi Jicho alimtazama mkewe, akalitazama jeneza, akamtazama tena mkewe.

Akaingia ndani, akamrudisha kitandani, akakaa pembeni yake. Kufungiwa karakana kulikuwa kugumu, lakini kufungua mdomo siku ile kulikuwa kugumu zaidi.

"Si lako," akasema. "La shemeji yako."

Akamwambia yote, vipimo, adhuhuri zote, ngazi na waya. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho bila kupepesa macho.

"Miezi miwili nimelala hapa najiaga," akasema.

"Najua."

"Hujui. Nimegawa nguo zangu. Na kila adhuhuri nilikuwa nakuona umesimama pale unaomba, nikasema angalau mume wangu ananiombea. Hilo tu ndilo lililonifikisha leo. Uliwahi kuniombea, hata siku moja?"

Fundi Jicho alitafuta moyoni. Angeweza kudanganya, uongo wenyewe ulikuwa mwepesi, lakini macho ya mkewe yalikuwa hayatoki usoni pake.

"Hapana."

Akasimama haraka. "Naenda kulivunja sasa hivi."

"Kaa. Kuvunja ni kazi, na kazi unaiweza. Piga magoti."

Akapiga magoti kwenye sakafu, mikono haina kitu. Akafumba macho, akafungua mdomo. "Mungu, unamjua mdogo wangu..." Lilimtoka lenyewe, kwa mazoea. Aibu ikamshika. Akaanza tena, kwa sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia.

"Mungu, nimekuwa nakutuma. Nimekutuma kama kibarua wangu, tena kwenda kuua. Leo sikutumi. Mke wangu anakufa, na aliyemfikisha hapa ni mimi. Sistahili hata kukuomba. Naomba." Alilia kwenye shuka.

"Na shemeji?" mkewe akauliza.

"Bado namchukia."

"Basi mwambie Mungu. Unamficha nini?"

"Mungu, yule bado namchukia," akasema Fundi Jicho. "Nikimkuta peke yake sijui nitamfanya nini. Hilo nalo litazame wewe. Mimi limenishinda."

"Amina," akasema mkewe. Kisha akamshika mumewe kidevu kwa vidole vyembamba, akamwinua uso. "Sasa na wewe nisikilize. Hii miezi miwili utanilipa siku moja baada ya nyingine. Utakiona cha mtema kuni. Ngoja tu nipone."

"Sawa, mama."

"Usiniambie sawa. Niletee chakula."

Akala sahani nzima, polepole, macho kamkazia mumewe.