Nilipimwa Moyo kwa Jina la Somoe

Ndugu zangu, kosa ni langu na sitafuti wa kugawana naye. Nimelibeba kimya tangu enzi za Ujamaa, nilipokuwa binti mwenye nguvu na kiburi. Leo nalitua mbele yenu.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye kiwanda cha nguo hapa Dar es Salaam. Kwenye mashine ya jirani alikuwepo Somoe, mtoto wa Lindi, mwembamba, mcheshi kupita kiasi. Aliishi Buguruni kwa mama yake mdogo, aliyekuwa akiuza kashata Kariakoo. Mimi kwetu Moshi. Mlima nimeuona tangu utotoni, lakini sikuwahi kuukanyaga.

Ikatangazwa kwamba wafanyakazi watapeleka bendera kileleni Kilimanjaro. Wanawake waende wawili, la sivyo asiende hata mmoja. Mimi nilinyoosha mkono, wenzangu wakainamisha vichwa. Nikambembeleza Somoe mpaka akakubali.

Tukaanza kujiandaa. Kariakoo tulichambua mitumba, zile nguo za kafa Ulaya, tukapata masweta mazito yanayonuka dawa ya nondo, na wachuuzi wakatucheka kwa joto lile. Asubuhi kabla ya zamu tulitembea kwa miguu toka Buguruni mpaka Kivukoni. Jioni tulipanda na kushuka ngazi za ghorofa moja nyuma ya soko, mgongoni tumebeba mchanga.

Hapo kwenye ngazi ndipo nilipoona. Somoe alikuwa anasimama, anashika ukuta, midomo imegeuka rangi kama ya mtu aliyekula zambarau. Nikimuuliza anasema vumbi la pamba. Siku moja akanipa ukweli: aliugua akiwa mdogo, daktari akasema moyo una kasoro. Kwao alikuwa haruhusiwi hata kubeba ndoo ya maji.

Ningesema basi, tuache. Sikusema. Nilichokuwa nakiona ni baba yangu akiniona nashuka mlimani, na majirani waliosema binti wa mjini amelegea.

Tukaambiwa kila mpandaji apimwe zahanati. Somoe akataka kujitoa.

"Wakinipima watanikatalia," akasema.

"Basi nitaingia mimi."

 Akauliza, "Na nikishindwa huko juu?"

"Utashuka. Mlima si gereza."

Nilikuwa nimeshapimwa kwa jina langu. Nikarudi siku nyingine, mganga akiwa mwingine, nikajiita Somoe. Akanisikiliza kifua, akatabasamu. Akasema mwenye moyo huu atazika wajukuu. Nilitoka nje nikicheka. Mungu wangu, nilicheka!

Siku ya safari mama yake mdogo alitupikia wali wa nazi, akatufungia kashata za njiani. Tulizila pamoja, mimi na Somoe, tukigawana nusu kwa nusu. Kumbukeni hilo.

Mlimani alianza kuchoka mapema. Kwenye kibanda cha pili hakuweza kumaliza sentensi. Kiongozi wetu aliniita pembeni akaniuliza kama mwenzangu ana ugonjwa wowote, maana anaweza kumshusha asubuhi ile ile. Nikamjibu, "Alipimwa. Ni mzima." Akaniamini, tukaendelea.

Kwenye kibanda cha mwisho Somoe alishindwa hata kuvua viatu. Nikamwambia apumzike, nitamkuta. Nilifika kileleni, nikashika bendera. Niliporudi kibandani kitanda chake kilikuwa kitupu. Wapagazi walikuwa wamembeba kumkimbiza chini. Niliwakuta wamekaa majanini, na yule niliyemwahidi kwamba atashuka amefunikwa blanketi.

Mama mzazi wa Somoe alikuja kutoka Lindi. Tulikaa mkekani Buguruni, akanishika mikono yote miwili.

"Mwanangu, niambie kweli. Walimpima?"

"Walimpima, mama. Walisema moyo mzuri."

Nilidhani nampoza. Akasema kumbe mwanawe alikuwa amepona, na mtu mzima hafi hivi hivi, ametendewa. Akauliza Somoe alikula nini kabla ya safari, na kwa mkono wa nani. Watu wote wakageuka kumtazama mama mdogo.

Na mimi, niliyezila kashata zile, nikatazama chini.

Dada hao hawakusemezana tena. Wateja wakamkimbia mama mdogo, watoto wakakatazwa kupita mlangoni kwake. Akahama Buguruni. Alipofariki, dada yake hakuja kumzika.

Ndipo nilipopata ujasiri wa kwenda Lindi. Nilimkuta mama yake Somoe kizeeni, nikampa shikamoo, nikamweleza yote, ya zahanati na ya kibandani. Hakunitukana. Alisikiliza mpaka mwisho, akajifuta uso kwa upande wa khanga.

"Sasa mdogo wangu nikamwombe radhi wapi?" akaniuliza.



Vijana mnaojiandaa kupanda mlima ule, nawasihi. Mwenzako akishika ukuta, usimwambie jikaze. Akisema mwili wake una kasoro, mwamini, hata kama safari yako itavunjika. Nendeni mkapimwe, kila mtu kifua chake. Na kama umeshadanganya, kaseme leo hii, wakati yule unayemsingizia bado anaweza kusikia akisafishwa jina.