Shamba la Pamba Tupu

Mihogo yangu ilikuwa imenifika magotini siku mume wangu alipoing'oa. Nasema yangu kwa sababu mbegu niliibeba mwenyewe kichwani, kutoka kwa mama yangu kule Kilibula hadi shambani kwetu bondeni Ruzizi, nikaipanda katikati ya mistari ya pamba.

Uhuru ulikuwa bado mbichi. Agronomu, yule bwana shamba wa serikali, alisimama juu ya kiti nje ya kanisa akatutangazia neema.

"Leta itaongeza bei juu ya kila kilo ya pamba! Lakini shamba ikuwe ya pamba tupu. Nikikuta kitu ingine ndani, hakuna kitu."

Leta ndiyo serikali kwa lugha ya kwetu. Wazee walicheka: chini ya wazungu tulilimishwa pamba kwa fimbo, leo tunabembelezwa. Mume wangu hakucheka. Alitaka nyumba ya mabati.

"Na batoto watakula pamba?" nilimwuliza akiwa ameshika mihogo yangu mkononi.

"Mama ya batoto, tutakula bei," akajibu, akacheka mwenyewe. Alikuwa mtu wa utani, ndivyo alivyonipata. Siku tatu sikumsemesha.

Tulivuna vizuri, na hilo ndilo linaloniuma. Nilichambua nyeupe mbali na ya manjano mpaka ncha za vidole zikapasuka. Magunia yakajaa chumba chetu, sisi tukalala barazani tukingoja lori la Leta. Halikuja. Waasi walioinuka dhidi ya serikali walikuwa wamekata barabara, na agronomu alikuwa amevuka kwenda Burundi bila hata kwaheri. Tulikuwa na nyumba iliyojaa pamba na chungu kisicho na kitu.

Risasi ziliposikika karibu, majirani walianza kupanda milimani, Rurambo. Nikafunga mtoto mgongoni.

"Minye siendi," mume wangu akasema. "Watu ya Leta wakikuja kupima pamba, watakuta nani? Weye tangulia na batoto. Nitawafuata."

Nikamtukana. Nilimwita mtumwa wa pamba, mbele ya wanawe, kisha nikageuka nikaenda. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake, na mpaka leo sijajisamehe.

Kule juu kulikuwa na baridi, na wafugaji walitugawia maziwa walipoweza. Watoto waliuliza baba yuko wapi mpaka wakachoka kuuliza. Kila mtu aliyepanda kutoka bondeni nilimwuliza habari zake, na kila mmoja aliendelea kupanda.

Tuliposikia serikali imerudi, niliteremka peke yangu. Mlango wa nyumba yetu haukuwepo. Ndani mlikuwa na askari wa serikali, wamejilaza. Walikuwa wamepasua magunia na kutandika pamba ukuta kwa ukuta, nyeupe na ya manjano pamoja, wakaifanya kitanda.

"Mama, unatafuta nini?" akauliza mmoja aliyejua Kiswahili.

"Bwana yangu. Alibakia hapa kuchunga pamba, mpaka Leta ikuje kuichukua."

Aliwatazama wenzake, akanitazama mimi.

"Siye tulikuta pamba tu, mama."

Basi Leta ilikuwa imekuja. Yule askari akakusanya pamba kidogo, akanisogezea niketi. Nikaketi.