Bangili za Mama Hetal

Tangu Mama Hetal aondoke, duka lake la vitambaa pale Babati mjini limekuwa na kimya ambacho Kandida hajakizoea. Si kimya cha watu. Wateja wanaingia kama kawaida, wanashika kitambaa cha sare na kukifikicha kwa vidole, wanalalamika kwamba kimepanda bei, wanarudi baadaye kukinunua. Kinachokosekana ni mlio mdogo tu. Mama Hetal alipopima kitambaa, mkono ukienda na kurudi juu ya meza, bangili zake za kioo ziligongana. Kisha alikata kidogo kwa mkasi, akakichana kilichobaki kwa mikono, chraaa, na bangili zote zikateremka pamoja. Kandida, ambaye cherehani yake iko barazani mwa duka hilo tangu mwanawe Theodory akiwa mgongoni, alijua kwa mlio huo kama mteja amenunua au ameaga tu.

"Mama yuko wapi?" wanamuuliza sasa.

"Amesafiri."

Wengine nyuso zinabadilika kidogo. Wanakumbuka mara ya kwanza duka lile liliponyamaza.

Jina lake ni Kokila, lakini mjini hapa jina hilo wanalijua wachache. Alizaliwa Kondoa, kwa baba Mhindi aliyeuza chumvi na majembe, akaletwa Babati akiwa bibi harusi wa Vinod, mikono imejaa bangili nyekundu na kijani karibu kufika kiwikoni. Shingoni alikuwa na mkufu wa shanga nyeusi, na kwenye njia ya nywele alipaka rangi nyekundu kila asubuhi kabla ya kufungua duka. Kandida, Mkatoliki kutoka Nakwa, alimzoea taratibu. Walianza kwa salamu, wakaja kwenye chai, na msimu wa mavuno Kandida alimletea mbaazi za Sigino, naye akazirudisha zimepikwa, zina ndimu na pilipili, kwenye bakuli lenye mfuniko.

Siku moja Kandida alimkuta akikanda unga wa chapati, bangili zote mkononi zimegandiwa na unga.

"Mama Hetal, si uzivue kwanza?"

"Hizi ni za uhai wa mume. Nikizivua watasema namwombea mabaya."

"Na yeye amevaa nini cha uhai wako?"

Vinod alikuwa dukani, amesikia. Alichungulia mlangoni, akainua mkono wake wenye saa kubwa ya mkanda wa chuma. "Mimi nimevaa hii, Mama Theodory. Ikisimama, najua huko ndani amenuna."

Walicheka mpaka mteja akagonga meza kwa sarafu. Lakini Mama Hetal alirudia swali lile peke yake akiendelea kukanda, polepole, kama mtu anayeonja chumvi.

Vinod alifariki asubuhi moja ya kiangazi. Alianguka akifungua kufuli la duka, ufunguo ukiwa bado tunduni. Mwili ulichomwa Arusha kwa taratibu zao. Waliporudi, wanawake wa ukoo walikuja nao, wakamwingiza Mama Hetal uani, kwenye jiwe la kufulia. Kandida alikuwa jikoni akichemsha chai ya waombolezaji. Alisikia vitu vikivunjika, akadhani sinia la vikombe limeanguka, akatoka mbio. Akamkuta rafiki yake amepiga magoti, mikono juu ya jiwe, na mwanamke mmoja mnene akizigonga bangili kwa mchi, huku naye analia. Mkufu wa shanga nyeusi ulikuwa umeshaondolewa. Rangi ya utosini ilikuwa imefutwa.

Kandida alichukua fagio akakusanya vioo ili watoto wasikanyage. Mume wake mwenyewe, Anselimu, alikuwa amefariki miaka mingi nyuma. Mashemeji zake walilitaka shamba, wakawataka na ng'ombe, lakini pete ya kanisani hakuna aliyeigusa. Ipo kidoleni mpaka leo. Hakuwahi kujua kwamba hiyo nayo ni bahati.

Duka likafunguliwa tena, bila mlio. Mama Hetal alipima vitambaa akiwa na sari nyeupe na mikono mitupu, na wateja wakawa wanaongea kwa sauti ya chini bila kuambiwa. Nyuma ya duka aliishi mama mzazi wa Vinod, bibi ambaye wote walimwita Ba, yaani mama kwa Kigujarati. Ba naye alikuwa mjane. Kandida hakuwahi kumwona amevaa rangi nyingine zaidi ya nyeupe.

Kisha Hetal, binti pekee, akaposwa. Alikuwa mhasibu Dodoma, na kijana wake alikuwa wa duka la dawa hukohuko. Navin, mdogo wake Vinod, akashuka kutoka Arusha kupanga mambo. Alikaa dukani akinywa chai.

Kwa kawaida walizungumza Kigujarati. Kandida alisikia maneno ya Navin yakipita kama mvua ya mbali, mpaka Mama Hetal alipojibu kwa Kiswahili, tena kwa sauti, na Kandida akaelewa kwamba anataka yasikike hadi barazani.

"Kwa hiyo wewe na mkeo ndio mtakaomkabidhi Hetal kwa mumewe. Na mimi nikae jikoni."

Navin alitazama mlangoni, akashusha sauti. "Shemeji, usikasirike. Kivuli cha mjane si kizuri kwa maharusi. Unajua mwenyewe. Ni kwa heri ya mtoto."

"Navin. Mke wako wa kwanza alipofariki, wewe ulivunja nini?"

Navin alikoroga chai yake.

"Nakuuliza. Ulikuwa mgane. Saa yako waliigonga kwa mchi? Mwaka haukuisha ukaoa, ukakaa mbele ya moto, ukavalishwa maua. Kivuli chako kilikuwa wapi?"

"Usilete haki sawa hapa, shemeji. Hii ni dini."

"Basi dini iniambie yenyewe. Nimemzaa, nimemsomesha kwa vitambaa hivi. Nitamtoa mimi."

Navin alisimama. Alisema kwamba akikaa mjane pale mbele, watu wa Arusha hawatakuja, na aibu hiyo ataibeba Hetal kwa wakwe zake. Akaondoka, chai imebaki nusu.

Mtu angedhani Ba angemwonea huruma mkwewe. Sivyo. Alitoka uani na fimbo yake, akasema kwa Kiswahili chake kizito, "Mimi nimevunjiwa nikiwa msichana. Watoto wangu wote wameoa mimi niko jikoni. Nani aliniita? Nani alisema, Ba njoo? Wewe nani?"

Mama Hetal alimwinamia, akagusa miguu yake kwa heshima, akarudi kwenye vitambaa. Baadaye tu, akiwa amekaa na Kandida kwenye benchi la barazani, alisema lililokuwa linamla.

"Mama Theodory, Navin simwogopi. Naogopa nafsi yangu. Je, kama ni kweli? Nikikaa pale, halafu Hetal apate baya lolote, hata mafua, watasema ni mimi. Na mimi nitaamini."

Sabaha ndiye aliyejibu. Alikuwa jirani, yeye na mumewe Mustapha wakiuza urembo duka la pili, na alikuwa na tabia ya kuingia kwenye maongezi kama mtu anayeingia kwake.

"Nyie mnanisikitisha," alisema, akijitafutia nafasi kwenye benchi. "Sisi kwetu kuna eda. Mume akifa unakaa, unahesabu siku zako, hujipambi. Zikiisha unaoga, unavaa. Mungu hajasema ujizike naye. Mimi Mustapha alinikuta hivi hivi, mjane, nimepaka hina mpaka viwiko."

"Alikuja kununua nini?" Kandida akauliza.

"Kununua? Alikuja kuuza! Akaishia kuniachia mzigo wote."

Mama Hetal akacheka. Alicheka akaziba mdomo kwa ncha ya sari, kama aliyeshikwa na kosa. Kisha akasema, "Sabaha, niletee bangili. Za kioo. Za kijani."

Bangili za kioo si za kuvaa mtu peke yake. Zikiwa saizi ya kukaa vizuri, hazipiti kwenye kiganja mpaka mwenzako akukunje mifupa ya mkono, apake sabuni, asukume kwa subira. Kandida aliweka beseni magotini, akalowesha kipande cha sabuni, akaushika mkono ule kama anavyoshika hariri chini ya sindano. Ya kwanza ikapita. Ya pili ikapasuka, tak, na tone la damu likatoka karibu na kidole gumba.

Sabaha alinong'ona dua. Kandida aliona macho ya rafiki yake yakienda kwenye jiwe la kufulia kule uani na kurudi.

Mama Hetal akaiosha damu kwenye beseni. Akanyoosha mkono uleule.

"Lete nyingine," alisema.

Harusi ilifanyika uani nyuma ya duka, chini ya turubai lenye maua ya njano, mlima Kwaraa ukiwa umevaa wingu lake la asubuhi. Watu wa Arusha walikuja, maana udadisi nao una nauli yake. Navin na mkewe walikuwa wamekalia viti viwili vya wazazi, mbele ya moto na ya mzee wa ibada. Ba alikuwa kwenye kiti chake ndani ya mlango wa jikoni, gizani.

Akina mama wa Babati hawakujua lolote kuhusu kivuli cha mjane. Walikuwa wamepika tangu alfajiri, na walijua jambo moja: katika harusi, mama wa bibi harusi huingizwa mbele kwa shangwe. Basi wakafanya hivyo. Wakamtoa Mama Hetal jikoni, akiwa na sari ya kijani ambayo hakuna aliyeitarajia, wakamzunguka wakiimba, vigelegele vikipasua turubai, wakamfikisha mpaka kwenye viti. Hapo wakakuta hakuna kiti. Wimbo ukafa katikati.

"Mama ana shughuli jikoni," Navin alisema akitabasamu kwa shida.

"Jikoni?" Marietha, mmoja wa wapishi, mwiko bado mkononi, aliuliza kwa dhati kabisa. "Jikoni tupo sisi. Kuna mama anaozesha mtoto akiwa jikoni?"

Wengine walicheka. Mama Hetal hakucheka. Alimgeukia mzee wa ibada, akaunganisha viganja.

"Maharaj, mimi ni mjane. Nimekuja kumtoa mwanangu. Nikae, au nirudi?"

Mzee yule alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shuka lake. "Nimesoma miaka mingi," alisema mwishowe. "Mimi ninavyoelewa, mzazi ndiye anayetoa mtoto. Hayo ya jikoni nimeyakuta kwa watu. Mzazi wa huyu ni nani?"

"Huyo," Hetal alisema kutoka chini ya mtandio wake, kwa sauti ya wazi.

Mke wa Navin ndiye aliyeinuka kwanza. Hakumtazama mumewe. Aliinuka tu, akakung'uta kiti kwa kiganja kama anayemwandalia mgeni, akasogea pembeni. Navin akabaki peke yake kidogo, kisha naye akainuka.

Mama Hetal akakaa. Ulipofika wakati wa kuuweka mkono wa Hetal kwenye mkono wa mumewe na kumimina maji juu yake, bangili zililia, na Kandida ndipo alipoona kwamba katikati ya kioo cha kijani kulikuwa na saa kubwa ya mkanda wa chuma, imelegea, inazunguka kwenye kifundo chembamba cha mkono.

Vigelegele viliporudi, Kandida aligeuka kumtafuta Ba. Kiti hakikuwa tena ndani ya mlango. Kilikuwa nje, kwenye jua, na bibi alikuwa amekikalia, fimbo mapajani, akitazama. Walipoanza kula, kilikuwa chini ya turubai. Hakuna aliyekiri kukisogeza.

Si yote yaliyokwisha vizuri. Nyumba mbili za ukoo hazimsalimii Mama Hetal mpaka leo. Na mimba ya kwanza ya Hetal iliharibika, na simu ikatoka Arusha siku hiyohiyo, na sauti ikasema, tulisema sisi. Kandida alimkuta rafiki yake uani, beseni la sabuni mbele yake, akijaribu kuzivua bangili peke yake, mkono umevimba.

Alikaa chini karibu naye, akauondoa ule mkono majini. "Mimi nilipoteza mimba mbili kabla ya Theodory," alimwambia. "Mume yuko hai, pete iko kidoleni, mama yangu ana mume. Nitajie wa kulaumiwa."

Mama Hetal alilia sana. Kisha alifuta mikono, akafungua duka, na mchana kutwa Kandida alisikia mlio.

Leo tena mteja wa Bonga amesimama kwenye meza, mita za sare mkononi, anaangalia kiti kitupu. "Amesafiri wapi lakini? Kuna msiba?"

"Hakuna msiba," Kandida anasema, akikata uzi kwa meno. "Hetal amejifungua mtoto wa kike. Mama yake yuko Dodoma, anamwogesha mjukuu."