Picha Iliyokwenda Ujerumani

Sisi tuliokulia Rashidiya, mtaa wa Uarabuni kando ya uwanja wa ndege, miaka ile ya elfu mbili tulilelewa na mngurumo wa ndege. Tukicheza mpira mchangani, nyayo zikiungua, hadi harufu ya vitunguu vya bibi ituite ndani. Ukutani kulikuwa na picha moja tu: baba yake bibi, askari wa Mjerumani kule kwao Afrika katika vita vya kwanza vya dunia, kasimama wima na bunduki. Alifariki wakati bibi bado anatambaa. Uso wa baba yake aliujua kwa picha hiyo.

Ijumaa moja baba, aliyekuwa akiuza vipuri vya magari Ras Al Khor, akaja na mteja wake, profesa mzee wa Kijerumani. Kiswahili chake kilinyooka kama rula, tukaziba midomo tusicheke. Alisema ujana wake wote aliandika habari za majenerali, na sasa anawatafuta askari wao: walikula nini, waliimba nini, nani aliwazika. Bibi alimlisha pilau kwa mkono. Profesa akaiomba picha. Alama ya kofia ilikuwa imefifia, na kwao kuna mashine ya kuisoma, ili kikosi chake kijulikane. Bibi akaitungua mwenyewe.

"Mama, picha yenyewe ndiyo hiyo moja tu!" baba alilalamika mgeni alipoondoka.

"Aliyekula wali wangu haniibii," bibi akajibu.

Lakini miezi ikapita. Simu ya profesa haikupokelewa. Mchuzi wa bibi ukawa unazidi chumvi, na kila ndege ikipita juu ya paa anauliza, "Hiyo yatoka Ujerumani?" Tukimjibu ndiyo. Ramadhani ikaja, ikaisha. Ukutani pakabaki msumari, nasi tukajifunza kutoutazama.

Kisha mchana mmoja mlango ukagongwa. Profesa, amekonda, ameshika fimbo, picha ameikumbatia kifuani.

"Nilikuwa hospitali, Bibi. Sikuthubutu kuitia posta."

Kikosi alikitaja, hakuna aliyemsikiliza; sote tulikuwa tukiitazama picha. Bibi aliipangusa picha kwa pindo la kanga, akalia, kisha akauliza, "Umekula?"

Leo wanangu wana picha maelfu simuni, nyingi za sahani za chakula. Juzi mmoja alipoteza simu yake akalia usiku kucha. Nikamwuliza analilia picha ipi. Akanishangaa: "Picha? Nalilia simu."