Nusu Saa ya Kutembea Bure

Nesi alizungusha futi kiunoni mwangu, akaisoma, akaizungusha tena kana kwamba mara ya kwanza imemdanganya.

"Mama, hapa pameongezeka. Na sukari uliyopima kabla ya kula imepanda kidogo. Bado si kisukari, lakini ndiko unakoelekea."

Nilinuna. Nilipogundulika nina virusi vya UKIMWI, miaka mingi iliyopita, nilikuwa nimekonda mpaka sketi naibana kwa pini. Dawa zikanirudishia mwili, nami nikautunza kwa ugali wa kushiba na chai ya vijiko vinne. Leo niupunguze, halafu majirani waseme ugonjwa umerudi?

"Dawa usiache hata siku moja," nesi akasema. "Ila punguza sukari na ugali, na utembee nusu saa kila siku, kwa haraka."

"Nitembee kwenda wapi?"

"Popote. Tembea tu."

Kule ziwani nilikozaliwa, ukipita ufukweni asubuhi watu wanajua unafuata dagaa. Lakini nimeolewa huku milimani, karibu na Litembo, na huku mtu mzima hazururi mikono mitupu. Siku ya kwanza, kabla hata sijavuka shamba la kahawa la jirani, bibi mmoja alinisimamisha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Unakwenda wapi?"

Nikaona aibu kusema siendi popote. "Nilikuwa nakuja kukusalimia."

Alifurahi mno. Akaniketisha jikoni, akanipa mihogo ya kuchemsha na chai tamu mpaka meno yakashtuka. Ningekataaje? Kesho yake nikabadili njia, nikakutana na mke wa katekista. Naye nikamwambia nilikuwa nakuja kumsalimia. Ugali na maharage. Keshokutwa, nyumba nyingine, mahindi ya kuchoma. Hivyo hivyo, nyumba hadi nyumba, na kwa bibi nikirudia mara kwa mara.

Mwezi uliofuata mzani wa kliniki ulionyesha nimeongeza kilo mbili.

"Mama, unatembea kweli?"

"Kila siku."

"Na nyumbani unakula nini?"

"Nyumbani? Karibu sili kitu." Na ilikuwa kweli tupu.

Jumapili hiyo baada ya misa, akina mama wa jumuiya walikuja kwetu na debe la mahindi. Walinipita mimi, wakamwendea mume wangu aliyekuwa anaanua kahawa.

"Baba, tumekuja kwa upole," mwenyekiti wao akaanza. "Mkeo anazunguka nyumba za watu kila siku saa ya chakula. Kama ndani kuna shida, sema. Kama ni pombe, sema pia."

Mume wangu alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akapita polepole sehemu ya katikati.

"Huyu?" akauliza. "Huyu ndiye nisiyemlisha?"

Nilicheka, kisha nikaona amedhalilishwa bure kwa ajili yangu. Nikasema yote: virusi, dawa, sukari, kiuno, nusu saa. Baadhi walikuwa wanajua, wengine ndiyo kwanza wanasikia. Mimi nikawa nangoja waage.

"Ngoja kwanza," akasema yule bibi wa mihogo, aliyekuwa amekuja nao. "Mihogo yangu ulikuwa unaila kwa adabu?"

"Ndiyo, bibi."

"Na mimi naichemsha kwa huruma! Kila asubuhi nachelewa shamba, nakungoja wewe uje ule!"

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mwenyekiti akajitwisha debe lake, akasema hii nyumba haina njaa, wakaondoka nalo.

Asubuhi iliyofuata bibi alikuwa mlangoni, khanga ameifunga kiunoni. Alisema ana presha, na kama kutembea ni dawa, basi twende wote. Anayetuuliza tunakwenda wapi, bibi anamjibu, "Hatwendi popote, na usitukaribishe."

Miezi michache baadaye sukari ilishuka, na nesi akanipa mkono. Dawa zangu nameza kama kawaida, chai naweka kijiko kimoja, na hicho nacho kwa majonzi. Taabu yangu sasa ni bibi mwenyewe. Amepita miaka sabini, lakini anapanda mlima akiimba nyimbo za kwaya, mimi nyuma nahema. Nikisimama kupumzika, anageuka na kuniuliza kwa sauti, majirani wote wasikie, kama aniitie bodaboda.